Bibi amesahau chai ya asubuhi, lakini shilingi na peni bado anazijumlisha

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Coventry, Uingereza. Kuna bibi wa miaka 87 mwenye ugonjwa wa kusahau. Hakumbuki kama amekunywa chai, na jina langu ananiuliza kila siku. Usichana wake aliuza vitambaa dukani. Juzi nakunja mapazia, akaniambia yadi saba kwa 'one and eleven-three' ni shilingi 13 na peni 10 na robo. Sikuelewa, na mwenzangu Mwingereza kijana naye hakuelewa. Akiona mkate wa paundi 1.40 anang'aka kwamba shilingi 28 ni wizi. Jioni hulia kuwa anadaiwa 'seven and six' na hajalipa. Tukimpima na kumwambia ana kilo 52, anashtuka. Binti yake anasema mama bado ana hesabu kali, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kumsimamia fedha. Hizo hesabu zinakwendaje? Nimsahihishe au nimwache? Mbona akumbuke hayo na asikumbuke chai? Na wanangu wanasema watu wa zamani walikuwa na akili kutuzidi sisi, ni kweli?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi, lakini nakuona unalotaka hasa: kuna mtu mbele yako ambaye jana imemtoka na mwaka 1953, wa usichana wake, bado anao, nawe hujui umfuate huko au umvute huku. Kabla sijaingia katika kazi ya kumbukumbu za wazee nilikuwa nikifundisha hesabu, kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu yenyewe. Ukiielewa, nusu ya maneno yake yatakoma kuwa mafumbo kwako.

Jibu lake la yadi saba ni sahihi kabisa. Mpaka tarehe 15 Februari 1971 paundi ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Paundi moja, basi, ni peni 240. Peni nayo ilikuwa na robo nne, na robo hiyo ilikuwa na sarafu yake, 'farthing', iliyotumika hadi mwisho wa 1960. 'One and eleven-three' ni shilingi moja, peni 11 na robo tatu. Imebaki robo peni moja tu ifike shilingi mbili. Wauza vitambaa walizipenda sana bei za namna hiyo, kama madukani leo zinavyoishia 99. Msichana aliyesimama nyuma ya kaunta hakuhangaika kuzidisha 11 na robo tatu mara saba. Alihesabu yadi saba kwa shilingi mbili akapata shilingi 14, kisha akasema: nimezidisha robo saba, ambazo ni peni moja na robo tatu, nizitoe. Shilingi 13, peni 10 na robo. Mteja hajafungua hata mkoba.

Kwenye daftari, hesabu iliandikwa kwa safu tatu zenye vichwa £, s na d, na hiyo d ndiyo peni. Chukua paundi 2, shilingi 17 na peni 9, ujumlishe na paundi 1, shilingi 8 na peni 7. Anza kulia: peni 9 na 7 ni 16, hiyo ni shilingi moja na peni 4. Andika 4, beba 1. Shilingi 17 na 8 na ile moja ni 26, yaani paundi moja na shilingi 6. Andika 6, beba 1. Paundi zikawa 4. Jibu: paundi 4, shilingi 6, peni 4. Tazama kilichofanyika: katika hesabu moja mtoto alibeba kwa 12, kisha kwa 20, kisha paundi zenyewe kwa kumi. Tukianza na robo, anabeba kwa nne kwanza. Mtoto wa leo anabeba kwa kumi tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ili wasizame, walikaririshwa majedwali kwa sauti, darasa zima pamoja. Peni 20 ni shilingi 1 na peni 8. Peni 30 ni shilingi 2 na 6. Peni 40, shilingi 3 na 4. Peni 50, shilingi 4 na 2. Waliendelea hivyo hadi peni 100, ambazo ni shilingi 8 na 4. Mjaribu bibi wako kwa "fifty pence" halafu unyamaze. Kuna uwezekano mkubwa akamalizia. Ila fahamu kwamba kwake hizo ni peni hamsini za zamani, si ile sarafu ya 50 uliyonayo mfukoni.

Watu wengi huniambia mfumo ule ulikuwa wa ovyo na ni ajabu ulidumu. Sikubaliani nao. Kwa karatasi ulikuwa mzito, lakini kwa kugawana sokoni ulikuwa mwepesi sana. Namba 240 hugawanyika bila baki kwa namba ishirini tofauti. Mia hugawanyika kwa namba tisa tu. Theluthi ya paundi ni shilingi 6 na peni 8, kamili. Jaribu kutafuta theluthi ya paundi ya leo uone. Thumni ya paundi ni shilingi 2 na peni 6, na hiyo ilikuwa sarafu moja, 'half a crown'. Vitu vingi viliuzwa kwa dazani, na hapo kulikuwa na njia ya mkato: kitu kimoja kikiwa peni 5, dazani ni shilingi 5; kikiwa peni 7, dazani ni shilingi 7. Anayeweka akiba ya peni moja kila siku, mwisho wa mwaka ana paundi 1, shilingi 10 na peni 5, kwa sababu peni 365 ndizo hizo. Wauza duka walijua hata ya mizani: kitu cha peni moja kwa ratili, ratili 112 ni shilingi 9 na peni 4. Ukimsikia bibi akirusha namba kama hizi, ujue ni vitu alivyovijua kama wewe unavyojua kuwa saba mara nane ni hamsini na sita.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mguu mmoja ndani ya habari hii. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1921 ilikuwa sawa kwa thamani na shilingi ya Uingereza, ishirini kwa paundi. Lakini ya kwetu ilivunjwa kwa senti mia, ya kwao kwa peni 12. Kwa hiyo bibi wa Tanga na bibi wa Coventry, mwaka 1953, walikuwa na shilingi ya thamani moja na hesabu mbili tofauti. Wa Tanga alikuwa amewatangulia Waingereza kwa hesabu ya mia kwa karibu miaka 50. Vipimo ndivyo tulivyogawana nao zaidi. Debe la nyumbani ni galoni nne za Kiingereza, ndiyo maana linaingiza kama lita 18 badala ya namba iliyonyooka. Ekari ni yao. Fundi anayekuambia mbao "mbili kwa nne" anahesabu inchi. Ukitafuta pa kuanzia mazungumzo na bibi huyo, mweleze debe. Mwambie kwenu maji hubebwa kwa chombo cha galoni nne, halafu umsikilize yeye akikupa painti na galoni zake.

Sasa la kukumbuka. Ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Tukio la leo, kama chai ya asubuhi, linahitaji sehemu ya ndani ya ubongo ambayo kazi yake ni kushika jambo jipya hadi likae. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha kusahau kwa wazee wengi zaidi, huanza kuharibu hapo mapema. Chai haikufutika, haikuandikwa. Jedwali la peni, kwa upande wake, lilirudiwa darasani miaka na miaka, kwa sauti na kwa mdundo, kisha likatumika kila siku ya maisha katika kila ununuzi. Limesambaa sehemu nyingine za ubongo na halitegemei tena ile sehemu iliyoumia. Umewahi kumwona mzee nyumbani asiyemtambua mwanawe, lakini Al-Fatiha au Baba Yetu ikianzwa hakosi neno? Ni jambo hilohilo. Zaidi ya hapo, mambo ya ujana, tangu kama miaka 10 hadi 30, huwa na mizizi kuliko ya umri mwingine wowote. Bibi wako alitoka shule karibu na 1953, wakati sheria ilimruhusu mtoto kuacha shule akifika miaka 15, akaenda moja kwa moja kaunta. Pesa ilipobadilika alikuwa na miaka 32 au 33. Hata baada ya hapo, sarafu ya shilingi iliendelea kutumika kama peni 5 mpya hadi mwisho wa 1990. Haikumtoka mkononi mpaka alipokuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50.

Kwa hiyo anapong'aka kuhusu mkate, usimwone kama mtu anayeweweseka. Paundi 1.40 mara 20 ni shilingi 28. Amehesabu sawasawa kuliko wengi wetu. Kilichobadilika ni nguvu ya pesa yenyewe, na hilo ndilo halimwingii. Wazee wengi wa Uingereza bado wanaamini waliibiwa mwaka 1971. Madukani palikuwa na waliopandisha bei kidogo kwa kisingizio cha kukamilisha hesabu, na ndiyo maana imani hiyo ilikua. Lakini ongezeko kubwa la bei lilikuja baadaye, lilipita asilimia 20 mwaka 1975, na sababu zake zilikuwa nzito kuliko sarafu, bei ya mafuta ikiwemo. Haina faida kumweleza bibi hayo. Mwambie, "Kweli, shilingi 28 kwa mkate ni nyingi mno. Enzi zenu ulikuwa bei gani?" Umemjibu kwa ukweli, na umempa nafasi ya kuwa mjuzi.

Umeniuliza umsahihishe au umwache. Kumsahihisha kuhusu mambo ya pesa za zamani hakuna kinachomfaa: hatashika ulichomwambia, ila ile fedheha ya kuambiwa amekosea itabaki naye muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Upande wa pili kuna wanaoshauri kumdanganya kila kitu ili atulie. Hapo nami husita. Mtu mwenye kusahau hana vipindi vya giza tu. Kuna dakika anazinduka, na akigundua anachezewa, imani inavunjika. Mimi hutafuta neno ambalo ni la kweli na linatuliza kwa pamoja.

Chukua lile deni la jioni. 'Seven and six' ni shilingi 7 na peni 6, yaani paundi 0.375 kwa hesabu ya leo. Enzi zile wakusanya kodi za nyumba na mawakala wa bima walipita mlango kwa mlango kila wiki, wakaandika malipo kwenye kijitabu. Kukosa wiki moja kulikuwa aibu mbele ya mtaa. Hofu yake ni ya kweli hata kama mdai alishakufa. Usimwambie, "Hakuna shilingi siku hizi." Mwulize, "Ni nani anayekudai?" Akijibu, endelea kumsikiliza, kisha mwambie, "Hilo deni halipo tena, hakuna atakayekuja kudai." Ni kweli, halipo. Kama anahitaji kuona maandishi, andika naye kwenye daftari lake kwamba hadaiwi, tarehe ya leo, na aweke mwenyewe mahali pake. Wala usikimbilie kudhani kila kilio cha jioni ni cha deni. Mara nyingi mzee hawezi kusema anaumwa, ana kiu, anataka choo au chumba kimeingia giza. Huzuni hutafuta sura, na sura iliyo karibu ni ile shilingi 7 na peni 6. Angalia hayo kwanza.

Sarafu za zamani zinapatikana kwa bei ndogo kwenye masoko ya vitu vya mitumba, na nimeona zikifanya kazi nzuri: sarafu ya peni kubwa, nzito, ya rangi ya shaba, na ile ya peni tatu ya pembe kumi na mbili. Mpe azishike, azipange, akufundishe. Mwulize pia kama alikuwa mwanachama wa Co-op, duka la ushirika. Wanachama walitaja namba yao kila waliponunua ili wapate gawio, na wako wazee wanaoikumbuka namba ya mama yao mpaka leo. Ila sarafu ndogo zisiachwe mezani na mzee anayetia vitu mdomoni, na zirudi kwenye kopo mkimaliza. Pia usimgeuzie kuwa mtihani. Akikosa, usikazie, badilisha habari.

Kuhusu uzito: Waingereza wa rika lake wanajipima kwa 'stone', ambayo ni ratili 14, kama kilo 6.35. Kilo 52 ni stone 8 na ratili mbili na nusu hivi. Mwambie hivyo kwa mdomo. Kwenye faili andika kilo, na dawa ni mililita na miligramu tu, kamwe usigeuze kipimo cha dawa kichwani. Na akipungua nusu ya stone bila sababu, zaidi ya kilo 3, kwa mwili kama wake hilo si dogo. Mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Sasa binti yake, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kutaja jibu la jedwali na kusimamia fedha ni uwezo wa aina mbili. La kwanza ni la kukariri. La pili linataka kushika mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja: nilikuwa na kiasi gani, bili ipi imelipwa, huyu anayepiga simu ni nani, kwa nini anataka namba zangu za benki. Kusimamia fedha huwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa kuyumba katika ugonjwa huu, wakati majedwali bado yanang'aa. Hicho ndicho kinachozidanganya familia. Tena mtu anayeona mkate wa paundi 1.40 kuwa wizi anaweza kulipia paundi elfu kadhaa kazi ya paa isiyohitajika, kwa sababu namba kubwa hazina uzito unaoeleweka kwake.

Si kazi yako kumwamulia, na kwa usalama wako usishike kadi wala pesa zake, hata akikubembeleza. Mpelekee msimamizi wako ulichoandika hapa, naye azungumze na familia. Huko England na Wales mtu anaweza kumpa anayemwamini mamlaka ya kudumu ya kusimamia mali yake, lakini lazima atie saini angali anaelewa anachotoa. Muda huo ukipita, familia italazimika kwenda mahakamani kuomba, na njia hiyo ni ndefu na ya gharama. Daktari au mtaalamu mwingine anayefaa ndiye wa kusema kama bado anaelewa, kwa kumpima kuhusu uamuzi huo hasa, wala si kwa kumwuliza yadi saba ni bei gani.

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kungoja kabisa. Bibi aliyekuwa akijumlisha vizuri jana, leo amechanganyikiwa ghafla, amelegea au amekuwa mkali, maneno hayashikani: hiyo haitokani na uzee. Maambukizi, maji kupungua mwilini, choo kufunga au dawa mpya huleta hali hiyo ndani ya saa au siku chache, na mara nyingi hutibika. Apate daktari, au piga 111, simu ya ushauri wa afya, siku hiyohiyo. Uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu au ulimi ukiwa mzito, piga 999, namba ya dharura.

Na wanao? Waambie hapana, hawakuwa na akili kutuzidi. Walitumia saa nyingi mno za utoto kwa hesabu ya pesa, na wengi walioshindwa waliadhibiwa au walikaa nyuma ya darasa kimya. Hao hawasimulii majedwali uzeeni. Waliofaulu ndio tunaowasikia. Wape wanao swali kama la bibi: yadi tisa, kila yadi shilingi mbili kasoro robo peni, bila simu. Jibu ni shilingi 17, peni 9 na robo tatu.